Masahihisho ya Bibi Shamimu

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa humpa Valentina kazi maradufu. Vumbi la njano hupenya hadi ndani ya nyumba ya marehemu Mwalimu Faridi, mtunzi wa hadithi, ambayo sasa ni makumbusho pale Nachingwea, na mtunzaji ni yeye. Kila asubuhi huvaa glavu nyeupe, akashika brashi laini, akasafisha miswada ukurasa kwa ukurasa.

Siku moja alishtuka. Mwalimu alikuwa ameandika kuhusu harusi yake: "Bibi harusi alilia mpaka mtandio ukalowa." Chini yake palikuwa na maneno mapya, kwa kalamu ya bluu: "Uongo. Nilikuwa na mafua."

Valentina hakuhitaji polisi. Mwingine pekee mwenye ufunguo alikuwa mjane wa mwalimu, Bibi Shamimu, aliyeishi uani. Alimkuta anapepeta ufuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umevaa soksi mikononi?"

"Bibi, nani kaandika kwenye mswada?"

"Mimi. Nilimwambia aufute ule mstari, akasema wasomaji wanapenda machozi. Sasa hayupo wa kunibishia."

"Lakini ile ni kumbukumbu, bibi. Haiguswi!"

"Haya. Na pale ukutani, chini ya picha yetu, umeandika 'Mwalimu Faridi na mkewe.' Huyo mkewe hana jina?"

Maandishi yale Valentina aliyaandika mwenyewe, tena akayasifu. Alirudi ndani uso umemshuka, akayabandua, akaandika upya kwa herufi kubwa: SHAMIMU. Kisha akaenda dukani kununua daftari nene.

"Andika humu yote, bibi. Ila mswada uuache."

Wiki tatu baadaye daftari lilirudi limejaa. Valentina akalipatia namba kwenye orodha ili aliweke kabatini, lakini kwanza akakaa chini alisome.

"Mwalimu anasema alinifuata kwetu Mandawa kwa miguu," bibi alikuwa ameandika. "Alipanda lori la korosho. Alishuka karibu na kwetu, akajimwagia maji yafanane na jasho. Nilimwona. Nikamhurumia, nikakubali."

Valentina alicheka mpaka bibi akachungulia dirishani.

"Umefika kwenye lori?"

"Nimefika, bibi."

"Basi niletee daftari jingine. Mama mkwe sijamgusa bado."