Mke wa Pete

Bienvenu alitoka Salamabila kwa pikipiki, akafika ofisi ya parokia Kasongo na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amepata binti, na kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama aliyemzaa babu yake. Babu huyo, baba yake Bienvenu, alikufa bila kulitaja. Mtoto bado alikuwa anaitwa Mtoto.

Cadette, karani wa parokia, alifungua kitabu cha ubatizo. "Baba yako iko hapa. Mama yake ni Albertine."

Kwenye benchi alikuwa ameketi mama mzee, umande wa makaburini bado uko miguuni. "Ni mimi nilimuzala baba yako," alimwambia Bienvenu. "Jina yangu ni Mwamvita."

Cadette hakuinua kichwa. Marehemu huyo huja kila Alhamisi. Mumewe alikuwa na wake wawili, na alipotaka kubatizwa, mapadri walimwambia abaki na mmoja. Akamvika Albertine pete, Mwamvita akarudi kwao, na watoto wote wa nyumba wakaandikwa wa Albertine. Kazi ya kuandika ilirahisika sana.

"Nkambo, sheria unajua," Cadette alimwambia bibi huyo. "Kurekebisha kitabu, ulete mashahidi mbili."

"Si niliwaleta?"

"Walikuwa wamekufa, na hawakukuwa na karte ya uchaguzi ya kujitambulisha."

Mwamvita alikiri kwamba hilo ni kweli.

Bienvenu alimtazama. Mama huyu alikuwa na masikio yake yeye Bienvenu, yale makubwa ambayo wachimbaji wenzake humtania kwayo. Alimhurumia, machozi yakamlenga. Kisha akakumbuka ile barabara yote ya vumbi.

"Unisamehe, nkambo. Nilitoka Salamabila kutafuta karatasi, sikutoka kutafuta mutu."

Sisi watu wa Kasongo tuliokuwa kwenye foleni hatukumlaumu. Sisi muhuri tunauamini kuliko macho. Tupo wengine ambao karatasi zinasema tulizaliwa kabla ya mama zetu, na tumenyamaza, tunangoja mama hao watuamkie.

Cadette akagonga muhuri.

Mtoto alibatizwa Salamabila, akaitwa Albertine. Mwamvita alifika kwa miguu, maana waendesha pikipiki hawapendi kubeba marehemu. Maji yalipomliza mtoto, yeye ndiye aliyempokea, akambeba mgongoni, akatembea naye nyuma ya kanisa akimbembeleza, "Albertine, Albertine," mpaka ulimi wake mwenyewe ukalizoea jina hilo.