Sufuria Isiingie Kwenye Soda

Mama Igoki wa kibanda cha chai husimulia hivi, na kila anayekaa kwenye benchi lake pale Makutano husimuliwa hata kabla hajakoroga sukari: kwamba Mzee Rashid alikuwa kwenye siku ya kumi na mbili ya mfungo, jua limempiga utosini, koo limekauka, macho yanaona viwili viwili. Kwamba alizibeba kabureta za gari la Mwalimu Riungu akidhani ni vyuma vya lori, akazitosa kwenye pipa la kostiki soda, ile dawa kali ya kuyeyushia grisi, kisha akajiegemeza kivulini akasinzia. Kwamba pipa lilipoanza kufuka, ni yeye Mama Igoki aliyepiga ukemi.

"Njaa si mchezo," humalizia, huku akifuta kikombe. "Fundi wa miaka arobaini, njaa imempokonya akili kama mtu anavyopokonywa kofia stendi."

Watu hucheka. Karambu, ambaye kazi yake ni kuosha na kung'arisha vyuma katika gereji ya Mzee Rashid, hatua kumi tu kutoka kibandani, alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara tatu akiwa kwenye benchi hilohilo. Mara zote tatu alinyamaza. Mara ya tatu alitabasamu pamoja na wengine, na tabasamu hilo lilimkaa usoni kama masizi hadi jioni.

Maana Mzee Rashid hakusinzia. Hata hakuwepo. Alikuwa msikitini, akiswali adhuhuri.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun ya milango miwili, pua ndefu, ya aina ile iliyokuwa ikipita na vumbi lake wakati wa mashindano ya magari ya Safari zamani. Mwalimu Riungu alilinunua mwaka wa sabini na saba kwa mkulima wa ngano wa Timau, likamtembeza ujana wake wote, kisha likalala miaka chini ya turubai huko kwake Githongo. Sasa amestaafu, akalileta kwa Rashid akasema, "Mzee, nataka nikifungua boneti nijione uso."

Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda Karambu. Alikuwa na miezi minne tu pale, na elimu yake ni ya darasa la nane, lakini mkono wake ulikuwa na subira. Ungempa kipande cha chuma kilichooza kwa mafuta na kutu, angekisugua kwa msasa mkali, halafu mwororo, halafu ule wa maji ambao ukiushika ni kama kitambaa, mpaka kipande kimeremete kama kimezaliwa jana. "Vijana wana haraka," Mzee alizoea kusema. "Huyu ana jicho." Na aliyempeleka pale ni Mwalimu Riungu mwenyewe. Alimfundisha Kiswahili darasa la sita, na hakuchoka kuwaambia watu: "Huyu alikuwa wa kwanza wangu. Sikuwa na wa pili."

Siku ile, Mzee Rashid alitandaza vipande vya injini kwenye gunia. Siku nyingine zote huvichambua mwenyewe, hivi huku, hivi kule. Lakini adhana ilikuwa imeshalia, naye tayari alikuwa ananawa mikono.

"Karambu, tia kwenye soda vilegee. Ila sufuria isiingie kwenye soda. Umesikia? Hata kidogo."

"Nimesikia, Mzee."

Na kweli alisikia. Pale gerejini kulikuwa na sufuria, ile ambayo mkewe Mzee, Mama Kuruthumu, huletea uji wa kufuturu, ikalala hapo hadi kesho yake. Karambu aliichukua, akaipangusa, akaitundika kwenye msumari mbali na pipa. Hata alicheka kidogo peke yake: nani atatia chombo cha uji kwenye sumu? Kisha akafunga waya kwenye vipande vyote vya guniani, kabureta mbili na kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, vikiwemo, akavishusha taratibu mpaka vikazama.

Pipa likatoa povu. Likapata joto bila moto. Harufu ikamchoma puani, naye akafurahi, akisema moyoni, uchafu huo unatoka.

Mzee aliporudi alikimbia, mtu wa umri ule, akavuta waya kwa mikono mitupu. Kabureta zilitoka nyeusi kama mihogo iliyosahaulika jivuni, zimetobokatoboka midomoni ambako petroli hupita.

"Si nilisema sufuria isiingie?"

Karambu akanyoosha kidole kwenye msumari. Sufuria ya uji ilikuwa inaning'inia, safi.

Mzee Rashid akaitazama sufuria. Akazitazama kabureta. Akaketi juu ya tairi.

"Aluminiamu," akasema polepole. "Sisi mafundi twaiita sufuria. Kila kitu kilichotengenezwa kwa madini ya sufuria, soda hukila." Akajipangusa mikono, maana ilikuwa imeanza kuwasha. "Ni lugha ya gereji, mwanangu. Nimeisema tangu ujana, sikukumbuka kuwa wewe ni mgeni."

Angemtukana ingekuwa afadhali.

Mwalimu Riungu alipofika, Mama Igoki alikuwa ameshamlaki barabarani na hadithi yake ikiwa ya moto.

"Mzee, nasikia ni saumu," Mwalimu akasema kwa sauti ya darasani. "Sasa si ungengoja Idi, bwana? Mtu akifunga kinywa, afunge na gereji!"

Waliosimama wakaangua kicheko.

"Kosa ni langu, Mwalimu," Mzee akajibu. "Gereji ni yangu. Niseme mimi utakavyo. Lakini saumu usiiguse."

Karambu alikuwa amechutama nyuma ya gari, msasa mkononi. Alingoja mdomo wake ufunguke. Haukufunguka. Neno moja tu lilikuwa limeuziba: sufuria. Angesimamaje mbele ya mwalimu wake, yeye wa kwanza asiye na wa pili, aseme kwamba lililomshinda ni jina la chombo cha jikoni? Akainamisha kichwa akaendelea kusugua bolti iliyokuwa imeng'aa zamani.

Kesho yake gari lilifungwa kamba, likavutwa hadi kwa fundi mwingine huko Embu.

Baada ya hapo wenye lori walikuja na maneno. "Mzee, leo macho yanaona ngapi?" Wengine hawakuja tena. Siku moja dereva mmoja wa Kianjai alikataa kumkabidhi ufunguo wa gari. Badala yake akamnyooshea chapati. "Kula kwanza, fundi, ndipo uguse injini yangu." Mzee Rashid aliipokea kwa mikono miwili iliyokuwa na malengelenge, akaifunga kwenye gazeti, akamletea Karambu.

"Wewe hufungi. Kula, usiache chakula kipotee."

Karambu akaitia mdomoni. Akaitoa, akaifunga tena gazetini.

Jumamosi alipanda hadi Githongo. Akamkuta Mwalimu shambani, msumeno mkononi, akipogoa kahawa. Hakungoja kukaribishwa. Alisema yote amesimama: gunia, waya, msumari, sufuria.

Mwalimu akacheka kwanza. Kicheko kifupi, kilichomtoka bila ruhusa. "Sufuria ya uji, Karambu? Wewe?"

"Mimi, Mwalimu."

"Na Mzee alikuwa wapi?"

"Msikitini."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akautazama msumeno kama ameuona leo. "Siku ile nilipomsimanga mbele ya Makutano yote, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya gari."

"Ukanisikia."

"Nilikusikia. Niliona aibu, Mwalimu."

"Na sasa huoni?"

"Sasa naona kubwa zaidi."

Kutoka nyumbani, Lenah, mkewe Mwalimu, aliwaita kwa Kimeru, chai inapoa. Karambu akaishika mikono yake mwenyewe, ile yenye weusi usiotoka kwenye kucha, akasema lililomleta.

"Naomba gari lirudi kwa Mzee Rashid. Na ulirudishe mwenyewe, mchana, kibanda kikiwa kimejaa, useme mbele yao kwamba si saumu, ni mimi."

Mwalimu Riungu akamgeuzia mgongo. Akashika tawi la kahawa, akaliwekea msumeno, akakata. Likaanguka. Akashika la pili.

"Mwalimu?" akasema Karambu.

"Kibanda hujaa saa ngapi?" Mwalimu akauliza, bila kugeuka.