Tonge Moja Diani

Mimi ni fundi wa korona, ile mashine ya kukamua katani. Miaka kumi na miwili nimeiendesha. Basi mwaka wa nne wa Uhuru, wanunuzi wa ng'ambo wakageukia kamba za nailoni, na shamba letu hapa Msambweni likafungwa. Tukaambiwa tuhame kambi. Mashine ikabaki inaota kutu, nami nikabaki fundi wa nini sijui.

Mkwe wangu, Mzee Iddi wa Jego, hakunificha. "Sefu mwanangu, Biasha ana mimba ya miezi saba. Sitamwacha binti yangu alale njiani. Mwezi ukiandama huna kazi, namchukua."

Nilizunguka. Kwa mafundi baiskeli, hapana. Lunga Lunga mpakani, hapana, wanataka waliosoma. Nilikaribia kulia, wallahi, mtu mzima mimi. Ndipo nikasikia hoteli mpya Diani inatafuta wahudumu wa meza. Nikacheka peke yangu. Mikono hii iliyopasuka kwa katani ndiyo ya kubebea vikombe? Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaenda.

Msimamizi, Kaingu, alinivalisha kanzu na mshipi mwekundu, akanipa siku tatu za majaribio. Siku mbili sikuvunja hata kisahani. Nikamwambia Biasha afungue mzigo aliokwisha kuufunga.

Siku ya tatu nikampelekea bibi mmoja wa Kizungu samaki wake. Akatabasamu, akanisogezea sahani, akasema, "Karibu, kula." Sasa sisi Wadigo tumelelewa hivi: mtu akikukaribisha chakula, hata kama umeshiba, utamega tonge moja umheshimu. Kukataa ni kumwambia chakula chake kina sumu. Nikasema bismillahi, nikamega kidogo tu, pembeni, nikamshukuru.

Ukumbi wote ukanigeukia. Yule bibi akavitazama vidole vyangu, akaisukuma sahani mbali.

Kaingu akanivuta jikoni. Hakuwa mtu mbaya. "Bwana Sefu, nenda ukamwombe radhi, yaishe. Meneja nitamtuliza mimi."

"Nimwombe radhi kwa kosa gani? Si yeye aliyenikaribisha?"

"Alikuwa anafanya mzaha tu. Sema samahani, urudi kazini."

Nikavua kanzu, nikaitupa juu ya vitunguu, nikatoka. Njia nzima nilikuwa najisifu, mpumbavu mimi.

Biasha alinisikiliza mpaka mwisho. "Neno moja, Sefu?" akasema polepole. "Neno moja tu ndilo lililokushinda?" Kisha akaanza kukunja kanga zake upya.

Alfajiri nilirudi Diani kwa miguu, radhi nimeiweka mdomoni. Kanzu yangu ilikuwa imeshavaliwa na mtu wa bara. Kaingu akaniangalia kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kufukuzwa.

Mwezi uliandama Alhamisi. Ijumaa baada ya swala Mzee Iddi akaja na lori la mbao linalokwenda Vanga kupitia kwao Jego. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia vizuri. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Kabla ya kupanda, Biasha akaniuliza nitalala wapi kambi ikifungwa. Nikamwambia kwa rafiki yangu Salimu, Ukunda, ana chumba kikubwa. Akashusha pumzi, akapanda, wakaondoka.

Sina rafiki Ukunda.