Taa Isiyoomba Kitu

Mwaka wa kwanza wa ndoa ya Ruolan, mama yake, Bi Xiuyin, alimpelekea taa yenye picha ya Guanyin, mungu wa kike wa huruma, amebeba mtoto. Mwaka wa pili, ya mtoto ndani ya beseni. Ndivyo wanavyofanya mjini Fuzhou: kila mwezi wa kwanza mama humpelekea binti aliyeolewa taa ya karatasi, na haachi mpaka binti azae, au afe. Na taa haifichiki. Ikipita mtaani, kila mwenye macho anasoma habari za nyumba ya watu.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya taa ya chungwa, ya kumhimiza aliyechelewa. Lakini Ruolan akapiga simu.

"Mama, usilete. Mimba mbili zimeharibika. Ya pili hata mama mkwe hajui."

Bi Xiuyin akipeleka, anamchoma mwanawe. Asipopeleka, mtaa utamzika binti angali hai.

Asubuhi Bi Xiuyin akaenda kwa Mzee Pang, mtengeneza taa. Kibanda kilifurika wanawake.

"Ya chungwa, sivyo?" Mzee Pang akauliza. "Mwaka wa tatu huu."

"Mwone, anatuhesabia hata matumbo," akasema Bi Guihua, jirani wa Bi Xiuyin. Wakacheka.

"Nataka taa isiyoomba kitu," akasema Bi Xiuyin.

Kicheko kikakatika.

"Dada," akasema Mzee Pang, "samaki anaomba riziki, sungura anaomba amani. Isiyochorwa ni nyeupe, na nyeupe ni ya msiba."

Bi Xiuyin aliitazama taa nyeupe iliyotundikwa kibandani. Msiba ulikuwepo, tena miwili, ila haukuwa wake kuutangaza.

"Ipake rangi moja. Usichore mtu."

Mzee Pang akaipaka kijani cha majani ya chai.

Njiani Bi Guihua hakuweza kujizuia. "Shoga, hiyo ni ya mwaka wa ngapi?"

"Ya leo."

Ruolan alifungua mlango, akaizungusha taa akimtafuta mtoto, asimwone.

"Inataka nini, mama?"

"Ngazi zenu zina giza. Inataka uone unapokanyaga."

Mama mkwe akakohoa nyuma yake. "Na chungwa liko wapi?"

"Halijaiva, dada. Tusiutikise mti."

Mama mkwe akamtazama Ruolan, kisha akasogea kuwapisha. Ruolan akavuta kiti, akapanda kuitundika taa.

"Nishikie, mama."

Bi Xiuyin akamshika kiuno kwa mikono miwili, hakumwachia mpaka fundo lilipokazika.