Ameacha "Mke"

Karakana ile ilichonga mawe ya makaburi, na mwenye nayo alikuwa mama mmoja wa sauti nzito ambaye wafanyakazi wote walimwita Bimkubwa. Alikuwa na wana wawili. Mkubwa ndiye aliyeendesha mashine ya kuchonga, mpaka siku alipoanguka palepale kando yake na asiinuke tena. Mdogo alikuwa mtu wa kompyuta; yeye ndiye aliyeiundia karakana kanzidata yake, programu ya kuhifadhi maneno ya kila jiwe. Na aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo kutwa nzima, akipokea wafiwa na kuingiza maneno yao, alikuwa mjane wa yule mkubwa.

Bimkubwa hakumwita mjane, wala mkwe. Alimwita "karani", hata mbele ya mjukuu wake.

Chuki hiyo ilianza siku ya ndoa. Kijana alijua mama yake angekataa, basi akamchukua mchumba wake wakaenda kufunga ndoa ofisini, mashahidi wakiwa marafiki wawili wa kazini. Walirudi nyumbani na cheti kwenye bahasha, wakidhani mama atanuna siku mbili tatu kisha atalainika. Hakulainika. Mjukuu alipozaliwa alimpokea mtoto, akamwacha mama wa mtoto mlangoni.

Sasa ikafika zamu ya kuchonga jiwe la marehemu. Kazi ilikwenda hivi: karani hujaza visanduku kwenye kompyuta, jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, waliobaki, halafu fomula huviunga vyote kuwa maneno kamili, na maneno hayo huenda moja kwa moja kwenye mashine. Kwa mumewe yalitoka vizuri. Ameacha mke na binti mmoja.

Bimkubwa alikuwa amesimama nyuma ya kiti, miwani imeshuka puani.

"Hapo kwenye mke, weka zile alama."

"Alama gani, mama?"

"Zile za juu juu, mbilimbili. Zile wanazoweka magazetini wakiandika kwamba fulani ni 'daktari', na kila mtu anajua si daktari."

Karani aliondoa vidole kwenye kibodi. "Mama, hili ni jiwe. Maneno haya hayafutiki."

"Ndiyo maana nayataka kwenye jiwe."

Aliziweka. Mara kompyuta ikatoa mstari mwekundu na kugoma. Ndani ya fomula alama zile zina kazi yake tayari: ndizo zinazoieleza kompyuta maneno yanaanzia wapi na kuishia wapi. Ukichomeka nyingine katikati, inadhani maneno yamekwisha, na yanayofuata haiyaelewi. Karani aliutazama ule mstari mwekundu kama mtu aliyeona ndugu yake akiingia kumtetea.

"Inakataa, mama. Haiwezi kuandika alama hizo."

"Haiwezi?"

"Ndivyo ilivyoundwa."

Bimkubwa hakubishana. Alimpigia simu aliyeiunda.

Shemeji alifika asubuhi iliyofuata. Huyu ndiye aliyembeba mtoto begani siku ya mazishi na kumnong'oneza karani, "Mimi nipo, shemeji." Karani alimkazia macho alipoingia. Hakuhitaji zaidi ya neno moja kutoka kwake.

"Eti kompyuta yako haiwezi kuandika alama mbili?" Bimkubwa aliuliza.

Shemeji alijikuna shingo. Alimtazama karani, akamtazama mama yake, kisha akatazama sakafu.

"Inaweza," alisema. "Unatanguliza mkwaju, ule mstari unaolalia nyuma, kabla ya kila alama. Hapo kompyuta inaelewa kwamba alama hiyo si yake, ni ya kuandikwa tu."

Karani aliinuka. "Basi kaa uandike."

"Wewe kaa!" Bimkubwa alimkemea, kisha akamgeukia mwanawe. "Ataandika karani. Hiyo ndiyo kazi yake. Wewe mwelekeze."

Na shemeji akamwelekeza, kwa sauti ya chini, kama anayemsomea mtoto imla. "Mkwaju. Alama. Sasa andika mke. Mkwaju tena. Alama." Vidole vya karani vilitii. Mstari mwekundu ukatoweka, na maneno yakajitokeza kwenye kioo yakiwa safi kabisa.

"Soma," Bimkubwa alisema.

"Ameacha mke na binti mmoja."

"Hujasoma vizuri. Soma na alama zake."

Fundi wa mawe alikuwa amesimama mlangoni, vumbi jeupe limemjaa kwenye kope. Aligeuka akajifanya anatafuta kitu.

"Ameacha," karani alisoma, "fungua alama, mke, funga alama, na binti mmoja."

Bimkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Hapo sasa imekaa sawa," alisema akijifuta machozi. "Mke huolewa. Wewe uliandikishwa."

Bimkubwa alipotoka, shemeji aliinama karibu na kiti. "Jiwe likishachongwa, irudishe fomula ilivyokuwa. Inatumika kwa mawe yote, si hili peke yake."

"Nimesikia."

"Shemeji, unamjua mama."

"Na wewe nimekujua."

Jiwe lilisimikwa Jumamosi. Binti, aliyekuwa darasa la kwanza na mwenye hamu ya kusoma kila kibao anachokiona, alilisoma kwa kidole, neno kwa neno. "Mama," aliuliza, "mbona neno lako tu lina masikio?" Watu walisikia. Shangazi mmoja wa marehemu alijifunika mdomo kwa ukingo wa khanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Jumatatu karani alifungua fomula ili airekebishe. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kufuta aliposikia sauti ya Bimkubwa nje, akizungumza na wauzaji wa saruji. "Mwulizeni 'mke' wa mwanangu," alikuwa akisema, na kupitia dirishani karani alimwona ameinua mikono yote miwili, vidole vikikunjwa na kukunjuliwa hewani kuchora zile alama. Wanaume wakaangua kicheko.

Karani aliifunga fomula bila kugusa kitu.

Alichotaka ni jina la Bimkubwa liharibike mji mzima. Hakufikiria mbali zaidi ya hapo, au alikataa kufikiria. Kila jiwe la mwanamume aliyeacha mke lilipita mbele yake, naye alikuwa msomaji wa mwisho kabla ya mashine. Aliona. Akalipitisha. Fundi alichonga alicholetewa. Yeye ni mtu wa mawe, maneno hayamhusu.

Mojawapo lilikuwa la dereva mstaafu. Mzee huyo alikuwa amekuja mwenyewe miezi kadhaa nyuma, amekonda, anapumua kwa shida, kuchagua jiwe lake kabla hajafa. Alichagua jeusi. Alisimama nyuma ya bega la karani akihakikisha kila herufi. "Andika mke," alisema. "Usiandike mjane. Hata nikifa, huyo ni mke wangu." Karani alikumbuka maneno hayo alipoliona neno mke kwenye kioo likiwa katikati ya alama. Akabonyeza.

Mawe hupelekwa makaburini yakiwa yamefunikwa kitambaa. Vitambaa vilipoondolewa, kelele zikaanza. Wafiwa walijaa karakana na picha kwenye simu zao, wengine wanalia, wengine wanataka kupigana. Bimkubwa alitoka nje, akaziangalia picha, na ikamchukua muda mfupi sana kuelewa.

"Ni huyu," alisema, akimsukuma karani mbele yao. "Nilimwajiri kwa ajili ya marehemu mwanangu. Nikasema nimhurumie. Tazameni alivyonilipa."

Mtu mmoja alimgeukia shemeji, aliyekuwa ameitwa. "Wewe ndiye fundi wa kompyuta. Ni kweli?"

"Ndiyo," shemeji alijibu. "Aliandika yeye."

Na ulikuwa ukweli. Mwanamke mmoja alimtemea karani mate kifuani. Bimkubwa aliahidi kuyachonga upya mawe yote bila malipo, akaomba radhi kwa unyenyekevu ambao hakuna aliyewahi kuuona kwake, na watu waliokuja wakimlaani wakaondoka wakimsifu. Jiwe la mwanawe halikuchongwa upya. Karani alikusanya sweta yake na kikombe chake akaondoka na mate yakiwa bado hayajakauka.

Lakini katika umati ule hakumwona mke wa dereva. Jambo hilo lilimkosesha raha, na mwishowe akaenda kumtafuta nyumbani kwake.

Mama yule alimfungulia mlango bila kumuuliza ni nani. Alikuwa amepungua mpaka nguo zimemzidi. Alimkaribisha kiti, akamletea maji.

"Umetoka karakana," alisema. "Waambie wasisumbuke kuchonga jingine. Mume wangu alikwenda mwenyewe kule. Alisimamia kila neno, fundi aliniambia. Shemeji zangu wanasema alikuwa akinifikishia ujumbe alioshindwa kunitamkia akiwa hai." Alikunja ncha ya kitenge chake. "Miaka yote ile. Nalala nikijiuliza nilimfanya nini."

"Kompyuta ilikosea, mama," karani alisema.

"Kompyuta haichagui neno moja ikaacha mengine. Usinifariji."

Karani aliweka glasi chini.

"Ni mimi. Niliziona alama nikaziacha. Mzee alisema niandike mke, hata akifa. Alisema hivyohivyo."

Mama yule aliachia ncha ya kitenge. Halafu uso wake ulikunjamana, akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa na kitu kama furaha. "Kwa hiyo si yeye," alisema. "Si yeye." Aliyarudia hayo mpaka sauti ikamwisha, huku karani amekaa mikono mapajani.

Kisha alijifuta uso na kumtazama kwa mara ya kwanza.

"Na mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea, mama."

"Ulikuwa unanijua?"

"Hapana."

Mwanamke aliinuka, akaichukua glasi kutoka mezani na kuyamwaga nje maji yaliyobaki.

"Toka nyumbani kwangu."

Karani alitoka. Komeo liligonga nyuma yake kabla hajashuka ngazi. Muda wa watoto kutoka shule ulikuwa umekaribia, na binti yake huwa analia akichelewa kuchukuliwa, basi akaanza kutembea haraka.