Mji wa Wanaojibu Salama

Usingizi unamchukua Mwatumu saa nne asubuhi kwenye benchi la kliniki, ameketi wima kama mtu aliyeitwa polisi, na shangazi yake, Bi Mwanamvua, yuko kando akimsimulia mgonjwa aliyeketi jirani habari za ukoo mzima. Kulala hakukusudia. Ni feni tu, inakwaruza, inalia, inakwaruza, na Mwatumu sauti zikimzidi huwa anaondoka, mwili unabaki na macho yake wazi, mwenyewe hayupo. Nyumbani wanasema ana pepo. Jumamosi ngoma itapigwa apungwe, watu wameshaalikwa, labda leo daktari aseme vingine. Mwezi uliopita daktari alimuuliza hali mara sita, naye mara sita akajibu salama, maana ndivyo mtu aliyelelewa vizuri anavyojibu akiulizwa hali. Daktari akaandika hana tatizo. Na ngoma ile Mwatumu anaiogopa kwelikweli: mdundo ndio unaomwondoa, na akiondoka watapiga vigelegele kwamba pepo kapanda. Sasa mlango wa daktari unafunguka, anaingia, na ndani hamna daktari, mna barabara. Barabara nyeupe isiyokwisha, nyumba za vioo huku na huku, na ndani ya kila kioo yumo Mwatumu anatabasamu. Yeye hajatabasamu. Hapo anaingiwa na shaka, kwa sababu tabasamu lile analijua, aliliiga darasa la tatu kwa binti mmoja aliyependwa na kila mtu, akalifanyia mazoezi: midomo kwanza, halafu macho, halafu hesabu mpaka tatu. Kiongozi anamjia, kanzu safi, uso mtupu, laini kama yai. Habari za utokako? Salama. Za nyumbani? Salama. Za kazi? Salama. Na kwa kila salama nyumba zinarudi nyuma hatua moja, na mikono yake inazidi kuwa ya mtu mwingine. Anashtuka, anaacha kujibu. Anauliza barabara hii inakwenda wapi. Ni mbili, anasema asiye na uso. Ya kushoto inaitwa usonji, ni ya waliozaliwa wakisikia kila kitu. Ya kulia ni ya wanaotoka ndani mwao na kuacha mlango wazi, kwenu hamuipi jina ila pepo. Chagua moja. Mwatumu hamwamini hata chembe. Anachungulia kushoto, anajiona mdogo, yuko harusini, ameziba masikio, anapanga vifungo kwa rangi. Anachungulia kulia: harusi ile ile, mtoto yule yule, ila sasa anajitazama kutoka darini. Anarudi kushoto, kumbe bado yuko kulia, anageuka tena na barabara zinageuka naye. Mbona ni moja hii, anasema. Kiongozi anamuuliza, mwenye majina mawili akiitwa huitika mara ngapi? Mwatumu anakasirika, amechoka kufanyiwa mafumbo na mtu asiye na hata pua. Mara moja, anasema. Sawa, sawa, anasema kiongozi kwa upole unaonuka ujanja, haya, hali yako lakini? Na salama imeshamfika ulimini, tamu, nyepesi, inataka kutoka yenyewe.

Si salama, anasema. Kelele zinaniuma mwilini. Zikizidi natoka, na kurudi sijui. Sura zote hizi nimeziiga, yangu siijui iliko. Msinipigie ngoma.

Anafumbua macho, au anadhani anafumbua. Yuko kwenye kiti katika chumba cha daktari na hakumbuki kuingia. Shangazi yuko pembeni, kimya, jambo ambalo halijapata kutokea, amejiziba mdomo kwa ushungi. Pengine amesikia kila kitu. Pengine ana mafua. Daktari ameinamia karatasi, uso wake hauonekani, na kalamu haisogei. Mwatumu anamtazama kwa wasiwasi, anatazama kuta, hana hakika kama maneno yale ameyasema hapa au kule, na kumuuliza shangazi anaogopa.

Endelea, anasema daktari bila kuinua kichwa.

Hajui aendelee kutoka wapi. Basi anayasema yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa kidogo.