Besi Aliyewahi

Joho la kwaya halipimwi mtu akiwa amesimama kama mlingoti. Hapo nitabishana na fundi yeyote. Mtu akivuta pumzi ya kuimbia, kifua kinapanuka, mabega yanapanda, na joho lililomkaa vizuri mbele ya kioo linambana makwapani kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Ndiyo maana katika karakana yangu hakuna joho linalotoka kabla mwenyewe hajaliimbia. Kuna mafundi wanaonicheka. Wacheke tu, majoho yao ndiyo yanayoletwa kwangu kushonwa kwapa upya.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja kirefu: vyerehani vinne, meza ya kukatia, kioo, na kona ya dirishani anapokaa baba yangu akishona vifungo. Alikuwa seremala. Mgongo ulipomgomea aliniambia hawezi kushinda nyumbani akihesabu nzi, nami nikampa sindano. Sasa ukitaka kunyofoa kifungo chake, njoo na koleo.

Desemba ikiingia tunachagua nyimbo za Krismasi. Tuko wanne: mimi, baba, binamu yangu anayepiga pasi, na Dada Overloki, ambaye jina amepewa na mashine yake ya kuziba kingo za vitambaa. Nabandika ukutani karatasi kubwa ya kuchorea vipimo vya nguo, na kila mtu ana haki mbili: kuandika wimbo mmoja na jina lake kando, na kukata mmoja asioutaka. Hakuna kuulizana sababu. Zinazobaki ndizo tunazopiga mwezi mzima. Dada Overloki huchagua zenye ngoma, anasema bila ngoma mguu wake hauendi. Binamu anapenda za taratibu, na ndiyo sababu pasi yake imeshaunguza suruali mbili za wateja.

Mimi kila mwaka naandika wimbo uleule, na baba kila mwaka anaukata.

Kisa chake mtaa mzima unakijua. Kabla sijazaliwa, gari la redio lilikuja kurekodi kwaya ya vijana. Wimbo mmoja, mara moja tu, kwa sababu utepe uliobaki ulikuwa mfupi. Mwalimu wao alikuwa ameutunga mwenyewe. Msichana mmoja anaimba ubeti peke yake, ananyamaza, kwaya nzima inahesabu nne kimoyomoyo, kisha wote wanaingia pamoja: "Amezaliwa!" Baba alikuwa besi. Akahesabu mbili. Katikati ya kimya kile, kipaza sauti kikiwa mbele ya pua yake, akanguruma peke yake: "Amezaliwa!" Wenzake wakaingia kwa wakati wao, utepe ukaisha, na maji yakawa yamekwisha mwagika. Redio ikaupiga wimbo ule kila Krismasi, na baba akapata jina la Mapema.

Jina halikumwacha. Akifika mahali amechelewa, ndiyo raha ya watu: "Leo Mapema kachelewa!" Aliacha kwaya mwaka uleule, na tangu hapo hajaimba hata bafuni. Redio ikiuanza ule wimbo, anaizima.

Sasa, yule msichana anayeimba ubeti peke yake ni mama yangu. Mama alitutoka miaka kumi na moja iliyopita, na hakuna mahali pengine sauti yake ilipobaki. Nakala ninayo kwenye simu, nasikiliza kwa kujificha kama mwizi. Mimi sitaki kumsikia mama yangu kwa kujificha. Nataka ajae chumba kizima, vyerehani vikinguruma na watu wakimsikia. Mwaka jana nilimwambia baba, tena kwa ukali ambao si wa kumwambia mzazi:

"Baba, ukikata wimbo huo unanikatia mama."

"Nakata aibu yangu," akajibu. "Kwamba mama yako yumo humo, si kosa langu."

Siku mbili hatukusemeshana. Mimi na baba ni chanda na pete, lakini pete nayo huwa inabana.

Mwaka huu nikaandika tena. Baba akainuka na chaki yake kwenda kuukata, na kabla hajaufikia ukuta, mlango ukafunguliwa. Ilikuwa kwaya imekuja kujaribu majoho. Vijana ishirini na wawili, wamesafiri saa tatu kwenye basi kwa sababu sifa za makwapa yangu zimefika hadi kwao. Mwalimu wao, dada mfupi mwenye miwani, aliwaingiza mmoja mmoja huku binamu akiisukuma meza nje kupata nafasi.

Wakavaa. Nikapita kwa kila mmoja, pini mdomoni, nikivuta bega hapa na pindo pale.

"Haya, imbeni," nikawaambia. "Wowote mnaoupenda, ila uwe wa kupaza."

Mwalimu akainua mkono. Msichana wa mbele akaanza peke yake, na kwa neno la kwanza tu nikaujua wimbo. Nusura nimeze pini. Baba alikuwa bado amesimama pale ukutani. Ubeti ukaisha, chumba kikanyamaza. Moja, mbili.

"Amezaliwa!"

Besi watano, kwa mpigo, palepale baba alipokosea. Kwenye nne kwaya yote ikajiunga.

Baba hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, na jicho lile sitaki kuliona tena.

"Umewapanga," akasema. "Mwanangu wa kumzaa. Umeniletea watu waje kunicheka humu humu ndani?"

"Haki ya Mungu, baba, hata sikujua wangeimba nini!"

Mwalimu alikuwa ameshusha mkono. "Shikamoo mzee. Samahani, kuna tulipokosea?"

"Marahaba. Hao besi wako wanaingia kwenye mbili. Ni nne."

"Hapana, mzee, ni mbili." Akafungua faili lake akamwonyesha. "Hii hapa kwenye noti. Mimi nilifundishwa hivi, na aliyenifundisha aliutoa hivyohivyo kwenye ile rekodi ya redio. Besi ni kama mtu aliyepata habari kabla ya wenzake, hawezi kukaa nayo. Wimbo wote unangoja hapo. Hawa vijana wangu hugombea kuwa besi kwa sababu ya mahali hapo tu."

Baba anajua kusoma noti. Akaweka kidole juu ya karatasi na hakukiondoa kwa muda mrefu. Angeweza kunyamaza. Kwaya ingepanda basi lake, na wasingejua kamwe.

"Yalikuwa makosa," akasema. "Sikuhesabu vizuri. Ni mimi."

Katika maisha yangu nimemwona baba akijenga mapaa na kuinua nguzo ambazo wanaume wawili walizikimbia. Siku hizo zote sikupata kumwona mkubwa kama pale.

Besi mmoja, kijana mwenye shingo ndefu, alimsogelea. "Wewe ndiye yule wa redio? Yule mwenyewe?" Akawageukia wenzake. "Jamani, ndiye huyu!" Wakamzunguka kama bwana harusi. "Tuimbie, mzee! Njoo usimame na sisi!"

Baba akaanza kutafuta visingizio: mgongo, kifua, mafua ya mwezi uliopita. Nikamletea joho la sampuli, nikamvisha mwenyewe, nikamfunga vifungo alivyovishona kwa mkono wake.

"Joho halitoki hapa bila kuimbiwa," nikamwambia. "Sheria ni sheria, hata kwa baba mwenye karakana."

Akasimama na besi. Msichana akaimba ubeti wake, akanyamaza. Moja, mbili, wale watano wakaingia. Baba akabana midomo. Tatu. Nne, akaingia pamoja na kwaya yote, sawasawa kabisa, kama alivyokuwa akijihesabia kichwani miaka thelathini na minane.

Mwalimu akashusha mkono. Akamtazama baba juu ya miwani yake, akamwambia kwa adabu zote:

"Mzee, umechelewa."

Dada Overloki alikaa chini sakafuni kwa kucheka. Mimi sikucheka, niliogopa, nikamtazama baba. Kicheko chake kilianzia tumboni, kikapanda kikitikisa kifungo kimoja baada ya kingine, mpaka akajifuta macho kwa mkono wa joho langu jipya.

"Rudieni," akasema. "Sasa nakuja."

Safari hii ilipofika mbili alikuwa mbele ya besi wote, na vioo vya dirisha vikaitikia. Nilijivuna, sifichi. Nilijivuna kwa sauti ile, na kwa makwapa ambayo hayakuachia hata uzi mmoja.

Kwaya ilipoondoka, baba aliuendea ukuta na chaki yake. Hakukata kitu. Chini ya wimbo wangu akaandika wimbo uleule.

"Mjomba, huo umeshaandikwa," binamu akasema.

"Basi upigwe mara mbili."

Kando akaandika jina lake, kama sheria inavyotaka. Hakuandika la kuzaliwa. Aliandika MAPEMA, herufi kubwa zote, akapangusa chaki mikononi na kurudi kwenye kiti chake cha dirishani.

"Haya, washa," akaniambia. "Tumsikie mama yako."